Mkienda kusini kwa gari, msikimbize safari

Ndugu Mhariri,

Kurasa za mapumziko za magazeti yetu huwapeleka wanandoa Zanzibar kwa boti, au Arusha, basi. Njia ya kusini ni nadra kutajwa: Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Mikindani, kisha kukata nchi hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Yote ni lami. Wengi wanaoijaribu huiharibu kwa haraka, Mtwara siku ya kwanza, Songea siku ya pili, wakifika ziwani hawasemeshani.

Tengeni siku 10 au zaidi, na kila siku muwe mmeegesha kufikia saa tisa alasiri. Kilwa Masoko, yapata kilomita 310, inastahili siku mbili. Kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani kinachukuliwa hukohuko Masoko kabla ya kupanda mashua. Vukeni asubuhi, miezi ya kusi upepo hukaza mchana na kurudi ni kulowa. Maji yakiwa yamekupwa mtashukia majini, kwa hiyo vaeni ndara za mikanda, si viatu vya kufunga. Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale, iko mbali kidogo na magofu ya Msikiti Mkuu, msiiache kwa uvivu.

Kabla ya kuondoka Dar, hasa masika, ulizieni kipande cha Somanga. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara huko na magari yakakwama siku kadhaa.

Lindi usiku mmoja unatosha. Mikindani mnaifikia kabla ya Mtwara mjini, na ni tulivu kuliko Mtwara kwa kulala. Kwenda Masasi rudini hadi njia panda ya Mingoyo. Wanaotaka kupitia Tandahimba na Newala waulize kwanza hali ya barabara. Masasi hadi Songea ni kama kilomita 460, msizimalize kwa siku moja. Laleni Tunduru, jazeni mafuta hapohapo, na giza lisiwakute kati ya Tunduru na Namtumbo, maana ni mapito ya tembo. Vijijini mwendo ni 50, na tochi za trafiki za kupima mwendo hazipumziki.

Upepo wa tairi pimeni alfajiri kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mchana kipimo hupanda kwa joto. Ukipunguza hapo, baadaye tairi litakuwa laini, ubavu wake utapindapinda na kuchemka hadi lipasuke.

Penye hatari hasa ni mteremko wa kutoka Mbinga. Mji uko juu Umatengo, kwenye milima, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa halifiki mita 500, na kati yake hakuna hata kilomita 70. Dereva wa gari la otomatiki akiacha gia kwenye D na kuegemea breki, padi na diski zinashika moto. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka yameshanyonya unyevu, hivyo huchemka mapema. Mvuke ukiingia kwenye mabomba, pedeli inazama hadi chini na gari halishiki. Badilisheni mafuta hayo kabla ya safari, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Teremkeni kwa gia ya 2 au L, kanyageni kwa nguvu muda mfupi, kisha achieni. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni penye nafasi walau dakika 20, jiwe mbele ya tairi. Msizimwagie diski maji, zitapinda.

Fedha taslimu toeni Songea au Mbinga. Mbamba Bay kulani dagaa wabichi na samaki aitwaye mbasa akipatikana, ogeleeni asubuhi ziwa likiwa limetulia, na kabla ya kujitosa waulizeni wavuvi kama hapo pana mamba.

Msitegemee kukata kando ya ziwa hadi Kyela kwa gari dogo. Rudini Songea, mpandie Njombe hadi Makambako na kushika barabara kuu ya Dar. Juni na Julai bebeni masweta, Njombe si mahali pa fulana.

Msomaji wenu,
Songea