Farmasi za mtaani, acheni masikio ya watoto

Mheshimiwa Mhariri,

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Goma, na nina neno kwa wenzangu wa farmasi za mtaani, kuanzia Majengo hadi Katoyi. Mtoto akijitia haragi sikioni, mama hukimbilia kwenu kwanza kwa kuwa mko karibu na hamna foleni. Mama hana kosa. Kosa ni lenu mnaposhika pinseti.

Haragi linateleza. Pinseti ikilibana linaponyoka na kuzama zaidi, mpaka pale tundu linapokuwa jembamba, karibu na ngoma ya sikio. Shanga ni vilevile. Sisi hatubani: tunapitisha kikulabu kando yake, kikishafika nyuma tunavuta nje, mtoto akiwa amepakatwa na kichwa kimeshikwa imara. Jaribio la kwanza ndilo lenye nafasi nzuri. Mtoto akishaumizwa, tundu limevimba, damu imefunika kila kitu, naye hataki tena kuguswa. Hapo huenda akahitaji daktari wa masikio na usingizi wa dawa, na bili yake mzazi ataijua mwenyewe.

Kuna pia mtindo wa kupiga maji kwa bomba la sindano. Kijiwe (na kwetu chini ya volkano vijiwe havikosekani) chaweza kutoka hivyo ikiwa ngoma ni nzima. Lakini maharagi na mahindi hunywa maji. Yakivimba mle ndani, kikulabu hakipiti tena.

Mdudu aliye hai ni kesi nyingine. Matone ya mafuta ya kula yasiyo ya moto yatamuua, mradi sikio halijatoboka wala halitoi usaha. Mafuta ya injini, jamani, hapana.

Ninachoogopa kuliko vyote ni betri ndogo bapa za saa na za vitu vya kuchezea vinavyojaa sokoni Birere. Ikigusa ngozi yenye unyevu huanza kuiunguza, na saa mbili zinatosha kuleta madhara. Msitie tone lolote, wala maji, wala msiseme tungoje asubuhi. Itwe motari, mtoto afike hospitali usiku huohuo. Haragi kavu lisilouma laweza kungoja kesho.

Na mkituletea mtoto mliyekwisha kumjaribu, semeni, na mtaje chombo mlichotumia. Hatutawagombeza mbele ya mama yake.

Muuguzi, Goma