Barua kwa mpwa wangu kuhusu 33,550,336

Mpwa wangu,

Uliniuliza nahangaikia nini na 33,550,336, maana kwako ni msururu wa tarakimu tu kama misururu mingine. Kumbe ina sifa tele. Ni shufwa. Ni namba ya pembetatu pia: jumlisha 1, 2, 3 hadi 8,191 utaipata. Lakini jina lililoipa heshima ni namba kamilifu. Ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, jumla inakuwa 33,550,336 ileile.

Kabla yake kuna kamilifu nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Ya kwanza ina tarakimu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Na mwishoni 6, 8, 6, 8. Nicomachus, mwanahisabati Mgiriki, karibu mwaka 100 BK, aliamini mpangilio huo unaendelea. Simlaumu, nami ningeapa. Lakini ya tano ina tarakimu nane! Na ya sita, 8,589,869,056, nayo inaishia na 6.

Cha ajabu, Mgiriki mwenzake Euclid alikwisha kutoa kanuni ya kuzipata kama miaka 400 kabla yake. Chukua 2 kipeo cha 13, toa 1, unapata 8,191. Kwa kuwa hiyo ni namba tasa, izidishe kwa 2 kipeo cha 12, yaani 4,096, na hapo unapata 33,550,336. Vigawo vya 4,096 viko 13, na jumla yake ni 8,191. Vigawo vya namba yetu vinavyobaki ni hivyohivyo vikizidishwa kwa 8,191. Kikubwa kuliko vyote ndiyo namba yetu yenyewe, kwa hiyo kiache. Vile 12 vingine vinaleta 8,191 mara 4,095. Ongeza 8,191 ya mwanzo, unapata 8,191 mara 4,096.

Kazi yote, basi, ni kuhakikisha kwamba 8,191 ni tasa. Kipeo cha 11 kilikwama hapo: 2,047 ni 23 mara 89, ndiyo maana pengo likawa kubwa vile. Kwa 8,191, mwanahisabati Fermat anatupunguzia jasho: kigawo chake tasa chochote, kikigawanywa kwa 26 (yaani kipeo 13 mara mbili), lazima kibakishe 1. Na hatuna haja ya kupita 90, maana 91 mara 91 tayari inazidi 8,191. Zinabaki 53 na 79 tu. Ya kwanza inaacha baki 29, ya pili 54. Imekwisha.

(Jumla ya tarakimu zake ni 28, kamilifu nyingine. Hiyo ni bahati tu, usiijengee nyumba.)

Mwanahisabati Euler alithibitisha kwamba kila kamilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hii. Witiri hakuna aliyewahi kuiona hata moja, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Ya sita nakuachia wewe. Inatokana na kipeo cha 17, kwa hiyo ipime 131,071 kwa 103, 137, 239 na 307, kisha niandikie baki ulizopata.

Mjomba wako