Barua kwa mwanangu Somoe

Chikongola, Mtwara
Agosti

Mwanangu Somoe,

Huku hatujambo. Bibi yako anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Dada yako Mwajuma kaniambia, na usimkasirikie maana nilimbana mpaka akasema, kwamba umeanza kuruka predinisoloni, vidonge vyako vya lupasi, kwa sababu wenzako bwenini wanakucheka mashavu yaliyovimba kwa dawa hiyo. Tangu hapo moyo haujatulia.

Unasema viungo haviumi tena na upele umepotea, unajiona mzima. Nakubali. Mimi lakini siogopi viungo, naogopa mishipa ya damu, kwa sababu yenyewe haikuambii kitu. Siku daktari anaeleza, homa ilikuwa imekushika, sijui kama ulisikia. Lupasi ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na ikiwaka haikai kwenye magoti tu. Inachubua utando wa ndani wa mishipa, mafuta yanapata pa kunasia, ukuta unazidi kuwa mnene na mgumu. Kwa watoto wenye lupasi haya huanza mapema. Ni kama mabati yetu ya huku pwani, chumvi inayala chini kwa chini na rangi ya juu bado inang'aa.

Kaka yako Hamisi alinisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 1997. Wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 walipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wa rika lile. Una miaka 17, Somoe. Umri huo ndio ninaoutaka ukukute unalea wanao.

Hiyo predinisoloni yenyewe, ni kweli, ikitumika sana na kwa muda mrefu inapandisha presha, sukari na mafuta kwenye damu. Ndiyo maana daktari anaipunguza, lakini anaipunguza yeye, kidogokidogo. Mwili uliozoea vidonge hivyo huacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, ukikatiza ghafla unaweza kuanguka, na lupasi inarudi na hasira zake zote. Haidroksiklorokwini nayo usiiache hata siku moja. Inatuliza ugonjwa na kulinda mishipa, ila macho yapimwe kama tulivyopangiwa.

Hamisi aliuliza kama ungepewa dawa ya kushusha mafuta. Daktari akasema Marekani na Kanada waliijaribu kwa watoto na vijana 221 wenye lupasi kwa miaka mitatu, kwa ujumla haikuonekana tofauti kubwa kwenye unene wa mishipa ya shingoni. Kwa hiyo si ya kila mtoto, daktari ataangalia vipimo vyako. Presha, mkojo na vidonge tulivyopewa ndivyo vilivyo mikononi mwako.

Nakusifu, sikufichi. Kupata daraja la kwanza huku unalazwa na kutoka, wangapi wangeweza? Mwalimu wako wa kemia bado anakutaja. Lakini mtu mwenye akili hiyo anatupa vidonge kwa sababu ya mashavu? Mashavu yatapungua dozi ikipungua. Na habari ya kwamba unadeka, huyo aliyekuwa wa kwanza kuitamka hapa nyumbani anajijua, hairudii tena.

Samaki wa ng'onda uliowaomba sitatuma. Chumvi ile yote na presha yako, hapana. Nimekubangulia korosho za msimu uliopita, nimekaanga bila chumvi, zitakuja na basi la kupitia Songea pamoja na glavu za sufu. Baridi ya Iringa ikikufanya vidole viwe vyeupe kisha bluu, hiyo ni mishipa midogo imejibana, usinyamaze. Paredi ya asubuhi vaa kofia na mikono mirefu ya kuzuia jua, barua ya daktari anayo matroni. Ukiumwa hedhi usinunue diklofenaki dukani, figo zako hazitaki. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au povu likizidi kwenye mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje wikiendi.

Mikorosho ya kwa Bibi imechanua vizuri. Salfa tumepuliza, ila mjomba wako anataka kuuza shamba la kule Nanyamba na mimi nimekataa, tutazungumza ukirudi. Amekuja hapa na sigara zake, nimemtoa nje. Nawe anayevuta bwenini mhame kitanda, sigara inaharibu mishipa na inaweza kupunguza nguvu ya haidroksiklorokwini yako.

Kila Jumamosi nenda kwa matroni akupime presha, unitumie namba zote mbili kwa simu yake. Ya juu ikifika 120 au ya chini 80, mwambie arudie siku nyingine, ikiwa bado iko hivyo nampigia daktari. Hela ya matumizi nitatuma nikishaona namba za Jumamosi hii. Na uniambie umebakiwa na vidonge vingapi, nijue lini nipite famasi.

Ni mimi mama yako.