Nao wapewe mapenzi riwayani

Ndugu Mhariri,

Riwaya za mapenzi ya kale, za Kifaransa, tunazonunua kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Lubumbashi zimejaa malodi na mabinti wa kasri. Mtu aliyebadili jinsia akitokea humo, huwa mdanganyifu: anavuliwa wigi mbele ya wageni, watu wanacheka, hadithi inamtupa. Inaniuma sana.

Na historia inawakanusha waandishi hao. Chevalier d'Éon, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1728, alikuwa askari, mwanadiplomasia na mpelelezi wa mfalme Louis XV. Kuanzia 1777 alitambuliwa rasmi kuwa mwanamke, akaishi hivyo hadi kufariki London mwaka 1810. Alipigana kwa upanga hadharani akiwa na gauni jeusi, nishani ya Saint-Louis kifuani! Mwandishi anataka mhusika gani zaidi ya huyo?

Wengine watasema vijana wataharibika. Mimi nina wasiwasi zaidi na kijana anayejisoma kila mara kama kichekesho.

Ukurasa wenu wa hadithi uwape nafasi wahusika hawa: waandikiwe barua za mapenzi, wachumbiwe, wagombane na mawifi, waolewe.

Msomaji wenu,
Kamalondo, Lubumbashi