Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kueleza Utafiti Mbele ya Jamii

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama kimeshughulika zaidi na jambo moja: kumwezesha mtafiti wa chuo kikuu aeleze kazi yake kwa watu wanaotoa damu, muda na watoto wao ili kazi hiyo ifanyike. Hesabu za ada zimo katika taarifa ya mhazini, sitazirudia.

Lililotushughulisha kuliko yote ni damu. Huku Pwani uvumi wa mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu za wengine, ni mkongwe, na mtafiti anayeingia kijijini na vichupa vya vifuniko vya rangi bila maelezo anauamsha mwenyewe. Mama akiona damu ya mwanawe inaingia vichupa vitatu, kwake hiyo ni damu iliyotolewa mara tatu. Ndiyo maana tunawahimiza mbebe vichupa vyenyewe barazani, mvijaze maji ya rozela hadi kwenye mstari, kisha mmimine kwenye kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5. Halafu fanyeni hesabu hadharani: mtoto wa kilo 10 ana takriban mililita 800 za damu, hivyo kijiko kimoja hakifiki asilimia 1. Elezeni pia sababu ya vichupa kuwa zaidi ya kimoja. Chenye kifuniko cha zambarau kina dawa inayozuia damu kuganda, ili seli zihesabiwe. Katika chekundu damu huachwa igande, na majimaji yanayojitenga ndiyo hupimwa kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na maradhi.

Swali linalofuata ni damu inayobaki inakwenda wapi. Kama itahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, semeni hivyo, na kwa miaka mingapi. Kama itavuka mipaka, tajeni nchi, sababu ya kipimo kutofanyika hapa, na mwonyeshe kibali. Kujibu “inakwenda maabara” na kunyamaza, kwa maoni yangu, ndiko kunakozaa uvumi kuliko chochote.

Kuhusu majaribio ya chanjo, wengi mmekuwa mkifundishia jaribio la RTS,S dhidi ya malaria. Ni mfano unaofaa, kwa kuwa miongoni mwa vituo vyake 11 katika nchi 7 vilikuwamo vya Kilifi, Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa RTS,S, walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mzazi aambiwe hilo kabla ya kutia saini, na aelewe kwamba si yeye wala anayempima mtoto atakayejua nani kapata ipi. Mambo huharibika pale mhudumu mwenye haraka anapomwambia mzazi mlangoni, “tutampa chanjo ya malaria.” Hapo ridhaa imeshakwenda kombo, hata fomu iwe na saini zote.

Matokeo nayo yana mtego wake. Kwa watoto wa umri huo waliopata dozi nne za RTS,S, visa vya malaria vilipungua kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne. Wasikilizaji wengi huelewa kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa kabisa na 64 hawakupata kitu. Sivyo. Mtoto mmoja anaweza kuugua mara kadhaa, na kinachopungua ni hizo mara za kuugua. Wekeni punje 100 za mahindi mezani, kila punje ikiwa homa moja, muondoe 36. Mzigo uliobaki unaonekana, na haja ya chandarua inajieleza.

Udhaifu wetu mkubwa bado ni kurudisha majibu. Fedha za mradi huisha uchambuzi ukiwa haujakamilika, na kijiji hubaki kikisubiri. Kwa hiyo kamati inaomba mkutano mkuu upitishe kwamba kila andiko la mradi linaloletwa kwetu kupitiwa liwe na fungu la baraza la marejesho: usafiri, viti, maji ya kunywa na mkalimani wa Kigiriama au lugha ya mahali hapo. Familia zilizoshiriki zisikie kwanza, kisha wazee wa mtaa na chifu, ndipo waandishi wa habari.