Boti ya mashindano ya mtumba haipimwi kwa umri

Mhariri,

Ile makala yenu ya ukurasa wa michezo kuhusu Vendée Globe, mbio za kuzunguka dunia kwa boti ya matanga peke yako bila kusimama, nimeisoma yote, mwandishi kaandika vizuri tu, lakini alipofika kwa Violette Dorange akasema binti wa watu amezungushwa dunia na boti kuukuu iliyokwisha thamani, hapo ndo nikashindwa kunyamaza. Mimi ni fundi faiba huku Mtwapa, natengeneza maboti ya uvuvi na ya watalii, na hizi boti za kwenda baharini peke yako nazifuatilia kwa simu usiku mpaka mke wangu keshachoka.

Hiyo boti ilijengwa 2007. Michel Desjoyeaux ndo alianza nayo, ikiitwa Foncia, akashinda Vendée Globe ya 2008-09 kwa siku 84, tena baada ya kurudi bandarini kufanya matengenezo na kutoka upya wenzake wameshamwacha karibu saa 40. Mwaka 2012 ikawa kwa Jérémie Beyou, akaacha mbio mapema maana ile pistoni ya haidroliki inayosukuma mkuku (ule uzito wa chini ya boti) huku na huku iliharibika. Halafu Jean Le Cam, 2016 akawa wa 6, 2020 akawa wa 4, ndo ikaja kwa Dorange 2024 akiwa na miaka 23, kamaliza kwa siku 90 na kitu. Imetoka mara tano, imefika mara nne. Wapo walioenda na boti mpya za mamilioni ya euro hawakufika.

Na si kwamba haina kovu. Le Cam alipotia nanga Januari 2021 alisimulia kwamba sehemu za omo (pua ya mbele ya boti) tabaka za faiba zilikuwa zimeachana, akakata vipande ndani ya boti hukohuko baharini akaziba, peke yake, boti inaruka kwenye mawimbi ya kusini. Sasa mtu atasema si ndo hiyo imekufa? Kwangu mimi fundi, kovu ninalojua liko wapi na nani kaliziba na kwa resini gani halinitishi, linalonitisha ni boti iliyopigwa rangi mpya inang'aa na mwenyewe anakwambia haijawahi kugonga popote. Ni kama Probox ya mnada, ikiwa safi kupita kiasi unainama unaangalia chesisi.

Kitu cha kwanza cha kukagua ukinunua ni mkuku. 2014 kuna boti ya Waingereza ikitoka Antigua kurudi kwao, Cheeki Rafiki (jina lina Kiswahili ndani), mkuku ukang'oka katikati ya Atlantiki, watu wanne wakapotea. Wachunguzi wakakuta kumbe ilishawahi kugonga chini zaidi ya mara moja na kutengenezwa. Kwa hiyo anayenunua avute boti juu, alale chini aangalie pale mkuku unapokutana na bodi kama kuna ufa mwembamba, aingie ndani aone mbavu zilizogandishwa kwenye faiba hazijaachia. Agonge bodi yote na nyundo ya plastiki, sauti ikiwa ya uvungu aweke alama kwa chaki. Waya za mlingoti zikipita miaka kumi watu wa bima wengi hawataki kusikia, hizo uhesabu unanunua mpya. Matanga vilevile, yale ya mashindano yanachoka haraka, mwenye boti atakuhesabia matanga kumi kumbe ya kutumika ni mawili.

Alafu kuna mambo ya mtindo, na hapa ndo bei inadanganya watu. 2011 David Raison alishinda Mini Transat, mbio za viboti vidogo kuvuka Atlantiki, na kiboti chenye omo ya mviringo, watu walicheka kwanza, baadaye wa Class40 (daraja la boti za futi 40) nao wakafuata, na zile za omo ya kuchongoka zikaonekana zimepitwa. Kwa anayetafuta kombe ni kweli zimepitwa. Lakini kwa anayetaka tu kuzunguka na kurudi mzima, Cole Brauer wa Marekani alichukua First Light, Class40 ya 2008 yenye omo ya kuchongoka, akawa wa pili kwenye Global Solo Challenge, nayo ni mbio za kuzunguka dunia peke yako, siku 130 bila kusimama, Machi 2024. Boti moja ina thamani mbili kutegemea unaenda kufanya nini, na mwandishi wenu katumia ile ya kwanza peke yake.

Nitaje na PRB, boti nyingine ya Vendée Globe, maana ni ya 2009, nayo ni mtumba kwa hesabu yenu. Ilifungwa foili (mbawa za pembeni zinazoinua boti) 2018, Novemba 2020 ikavunjika vipande viwili kusini mwa Afrika na Kevin Escoffier akakaa kwenye raft saa kama 11 mpaka alipookolewa. Aliyemwokoa ni huyohuyo Le Cam, na boti hiyohiyo ya 2007 isiyo na foili. Sisemi foili ndo ziliivunja, lakini boti ya zamani iliyoongezewa nguvu ambazo haikuchorewa mimi ningetaka kuona hesabu ya injinia kabla sijatoa hata shilingi.

Mkiandika tena kuhusu hizi boti, tafadhali mwandishi aulize mkaguzi alikuwa nani na matengenezo yamegharimu kiasi gani. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyeshinda mbio za kuzunguka dunia za Golden Globe za 2022-23, boti yake ya mtumba aliitengeneza upya kule Prince Edward Island, Canada, kabla hajaenda popote, na hiyo habari hatujaiona gazetini kwenu.

Fundi faiba,
Mtwapa