Mafunzo ya usalama wa maabara: cheti cha mtandaoni kisifungue mlango peke yake

Mhariri,

Vyuo vikuu vingi vinahamishia mtandaoni mafunzo ya usalama kwa watafiti wapya, nasi tunaunga mkono hatua hiyo. Semina ya ukumbini hufanyika mara moja muhula unapoanza, ilhali watafiti huripoti mwaka mzima. Anayefika katikati ya muhula huelekezwa na mwenzake aliyemkuta, akarithi ujuzi wake pamoja na makosa yake. Kozi inayopatikana wakati wowote huziba pengo hilo.

Kinachotutia wasiwasi ni namna kozi hizi zinavyotungwa. Slaidi nyingi, maswali kumi ya kuchagua jibu, cheti kinatoka, kesho yake mtu anakabidhiwa ufunguo. Anajua alama ya fuvu maana yake nini, lakini hajui afanye nini asidi ikimrukia usoni.

Tuanze na karatasi ya taarifa za usalama, ile inayoambatana na kila kemikali. Ina sehemu 16, na kozi nyingi humtaka mtafiti azikariri kwa majina. Haina faida. Apewe karatasi ya kemikali atakayoitumia kweli, kisha aulizwe: ikikumwagikia, sehemu ya 4 inasemaje? Glavu gani zinatajwa katika sehemu ya 8? Sehemu ya 10 inakataza isikutane na nini? Hilo la glavu ni zito kuliko linavyoonekana, kwani hakuna glavu inayozuia kila kitu. Zile nyembamba za nitrili zinazovaliwa karibu kila maabara hupenywa na asetoni, kiyeyushi cha kawaida maabarani, ndani ya dakika chache tu. Mwaka 1996 profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki juu ya glavu za mpira. Sumu ilipenya, na mwaka uliofuata akafariki. Alikuwa bingwa wa fani yake na glavu alivaa. Hazikuwa glavu za kemikali ile.

Somo la pili linalopitwa haraka mno ni taka. Mtu amesafisha vyombo kwa asidi ya nitriki, anatafuta pa kuimwaga, anaiona chupa iliyoandikwa “taka” tu. Chini mna ethanoli kidogo, yaani pombe. Anamimina, anakaza kizibo, anaondoka. Mara nyingi hakuna kinachotokea papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo: mmenyuko huanza polepole, joto hupanda, gesi hujikusanya chini ya kizibo, na chupa hupasuka baadaye, wakati mtu mwingine kabisa anapita karibu nayo. Kozi ioneshe mfuatano huo kwa picha, kisha idai mambo haya: lebo ibandikwe kabla ya tone la kwanza, majina ya kemikali yaandikwe kwa ukamilifu, asidi ya nitriki isichanganywe kamwe na pombe, asetoni au kiyeyushi kingine cha kikaboni, na chupa isijazwe hadi shingoni.

Yapo mambo ambayo skrini hufundisha vizuri kuliko maabara yenyewe, kwa kuwa hayajaribiki. Nitrojeni kimiminika ni mojawapo. Lita moja ikigeuka gesi hufikia takriban lita 700, haina harufu wala rangi, na huisukuma oksijeni nje ya chumba kidogo au lifti. Mtu huanguka bila dalili, na anayekimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Katuni ya dakika tatu inatosha kulieleza hilo.

Lakini mikono haijifunzi kwa kutazama. Kuvua glavu, kwa mfano: unabana upande wa nje karibu na kifundo cha mkono, unaivuta igeuke ndani nje, unaikunja ndani ya mkono wenye glavu, kisha unapenyeza kidole kisicho na glavu chini ya ukingo wa ile ya pili bila kugusa nje yake. Wengi hukosea mara ya kwanza. Ukizipaka rangi kidogo kabla ya zoezi, kosa linaonekana ngozini. Vivyo hivyo bomba la kuoshea macho. Mtu anatakiwa kulifikia ndani ya sekunde 10 na kuosha kwa dakika 15 huku akiyashikilia macho yawe wazi. Basi alifikie akiwa amefumba macho, mwenzake akimlinda asijikwae, ili ajue kama kuna kiti au boksi njiani. Kwenye kabati la kufyonza mvuke, aone mwenyewe kipande cha karatasi laini kikivutwa ndani, na kinavyolegea matundu ya nyuma yakizibwa na chupa.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi: moduli ya mtandaoni ikamilishwe kabla ya siku ya kwanza, kisha mtafiti afanye mazoezi ya mikono na msimamizi wake ndani ya maabara atakayofanyia kazi, na jaribio la kwanza lisimamiwe. Saini ya msimamizi ndiyo ifungue mlango. Moduli zigawanywe kwa aina ya kazi. Anayetumia leza hana haja ya saa nzima ya vimelea. Jibu likikosewa, kozi ieleze sababu badala ya kumrudisha abahatishe tena. Video ziwe fupi na maandishi yapakuliwe, maana si kila mtu ana intaneti ya kasi. Wasimamizi nao waifanye kozi hiyohiyo, kwani profesa akiingia bila miwani ya kinga, wanafunzi humfuata yeye.

Na kabla chuo hakijalipia kozi yoyote, ofisi husika imkabidhi mtu aliyeifaulu chupa tupu, lebo na kalamu, imwambie aandae chombo cha taka za asetoni. Akishindwa, kozi hiyo isinunuliwe.

Wakufunzi wa usalama wa maabara